Kuchacha na Kuota Kuvu Si Jambo Moja

(Maelezo ya Bwana Afya kwa masheha na wananchi, yanachapishwa hapa kwa faida ya wote.)



Nimetakiwa nizungumzie nafaka tunazoziweka na vyakula tunavyovichachua. Ninapopita majumbani huambiwa: "Mwanangu, ukungu huu si kitu. Mbona togwa nayo huchacha na tunainywa?" Suali hilo ni la haki na linastahiki jawabu kamili.

Uji wa mtama au wa mahindi ukishapoa, ukatiwa kimea na kuachwa hadi siku ya pili, bakteria waliomo huigeuza sukari yake kuwa tindikali. Ndiyo ule ukali tunaouonja. Tindikali hiyo huvizuia vijidudu vingi vya maradhi ya kuharisha visistawi, na kimea huulainisha uji hata mtoto akaweza kunywa wa kutosha bila ya kuongezewa maji. Wazee hawakuwa na darubini, lakini faida hii waliijua.

Kuvu ni jambo jengine. Katika mahindi, njugu na hata makopa yaliyoanikwa vibaya huweza kuota kuvu zinazotoa sumu iitwayo sumukuvu. Huharibu ini, na kwa anayeila kidogo kidogo kwa miaka mingi huweza kuleta saratani. Kuchemsha hakuiondoi, na kuchachua hakutoshi kuimaliza. Anayefuta ukungu kwa kitambaa kisha akatwanga, amefuta rangi tu. Mashariki ya Kenya, mwaka 2004, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafariki kwa kula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Mengi yalikuwa ya mashamba yao wenyewe.

Wala si kila bakteria ni rafiki. Huko Chitima, Msumbiji, Januari 2015, watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe ya unga wa mahindi ulioharibika, iliyogawiwa msibani. Kwanza ilivuma kuwa imetiwa nyongo ya mamba. Maabara ikaonesha kuwa ni sumu ya bakteria.

Kwa hivyo mahindi yaanikwe juu ya jamvi au turubai, yasigusane na ardhi. Kuyapima ni rahisi: tia konzi ya mahindi na chumvi kavu kidogo katika chupa kavu, tikisa, kisha uache kwa robo saa. Chumvi ikiganda kwenye chupa, mahindi bado yana maji; yarudishwe juani.

Najua kumwaga pishi kadhaa za mahindi wakati wa njaa ni mtihani, hasa kwa mama mwenye watoto. Hata hivyo, yaliyoota kuvu yasiliwe, na wala wasipewe kuku au ng'ombe, kwani sumu hiyo hupita hadi katika maziwa. Mwenye shaka na amwite Bwana Shamba kabla hajasaga.