Majirani Wetu wa Bustani ya Jeevanjee



Tumeombwa tuseme machache juu ya seva. Tutasema juu ya wale walalao Bustani ya Jeevanjee, hapa hapa Nairobi, ambao wengi wetu huwapita tukienda kufungua maduka.

Bustani ile aliitoa kwa mji, mwaka 1906, A. M. Jeevanjee, mfanyabiashara mzaliwa wa Karachi. Hakuwa wa dini yetu. Alikuwa Mwislamu wa jamaa ya Bohora. Aliitoa watu wapate pa kupumzika.

Sisi wenye maduka tulilisahau hilo. Miaka kadhaa iliyopita tulitia sahihi barua ya kuomba wakaao humo waondolewe, kwa kuwa wateja walinung'unika. Wakaondolewa usiku mmoja, na vifurushi vyao vikachomwa moto. Asubuhi akaja dukani kijana aliyekuwa akitushushia mizigo kwa miaka minne, hana viatu. Hakutulaumu, kwani hakuijua barua ile. Viatu tulimpa, ukweli hatukumwambia.

Kumbe kilichomwumiza zaidi si blanketi wala viatu, bali kitambulisho. Asiye nacho hawezi kusajili laini ya simu wala kupokea ujira kwa M-Pesa. Mjengo uliokuwa umemwahidi kibarua ulimfungia lango.

Khichdi ya Jumapili ni njema, na mama zetu waamkao alfajiri kuipika twawashukuru (ingawa chumvi, wasamehe, huzidi). Lakini aliyeshiba mchana, mvua ya Aprili humkuta usiku pale pale. Kwa hiyo twaiomba kamati itoe chumba kilicho nyuma ya ghala la vyombo, kitiwe makabati yenye kufuli, watu hawa wapate pa kuwekea vitambulisho na nguo kavu. Na vyoo vya uani visifungwe magharibi. Gharama ya makabati tutaibeba sisi tuliotia sahihi.

Sheria ya uzururaji ilifutwa nchini mwaka 1997, lakini barua kama yetu zingali zaandikwa. Tukiletewa nyingine, tusiitie mkono.

Kijana yule angali anatushushia mizigo. Wiki hii tutamweleza habari za barua ile, kabla maneno haya hayajachapishwa akayasikia kwa wengine.