Kazi ya Mate Kinywani: Kinachotafunwa na Kinachonywewa
Mada ya afya ya kinywa iliyotolewa kwa wakazi wa kata, Songea



Mtu anayeumwa gego usiku huwaza namna ya kuling'oa. Ni nadra kukumbuka kwamba jino hilo lilianza kuharibika muda mrefu kabla, bila maumivu yoyote, na kwamba wakati wote huo mate yalikuwa yakilitetea.

Mtu mzima hutoa mate kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku. Si maji matupu. Yamebeba kalisi na fosfeti, madini yaleyale yanayolijenga jino, pamoja na baikaboneti inayopunguza ukali wa tindikali. Taya zinapotafuna, mate huongezeka mara kadhaa na nguvu yake ya kuzima tindikali huongezeka pia. Karanga, karoti na mahindi ya kuchoma, kwa hiyo, humpa mlaji chakula na kinga kwa pamoja. Kinywaji hakitafunwi, hupita kikiacha sukari yake nyuma.

Bakteria waishio katika ukoga huigeuza sukari hiyo kuwa tindikali ndani ya dakika chache. Kipimo cha pH kikishuka chini ya takribani 5.5, jino huanza kupoteza madini. Mate huhitaji nusu saa hadi saa moja kurejesha hali. Anayekunywa chai ya sukari pamoja na kifungua kinywa amelishambulia jino mara moja. Anayetembea na chupa ya soda, funda moja stendi, jingine sokoni, jingine njiani kurudi nyumbani, hayapi mate nafasi hata kidogo, ingawa huenda wote wawili wametumia sukari ileile.

Jambo hili lilionekana wazi nchini Sweden tangu miaka ya 1940, katika hospitali ya Vipeholm, kwa njia isiyostahili sifa: watu wenye ulemavu wa akili walipewa peremende za kunata bila ridhaa yao. Sukari iliyoliwa wakati wa mlo ilidhuru kidogo. Ile ya kunata, iliyoliwa kati ya mlo na mlo, iliozesha meno vibaya.

Togwa nayo yastahili kutajwa, kwa kuwa hapa ni kinywaji cha heshima. Hulisha na kuburudisha, wala hakuna sababu ya kuiacha. Lakini imechacha, ina tindikali, na mara nyingi huongezwa sukari. Mahali pake ni pamoja na chakula, si kikombe kinachonywewa kidogo kidogo mchana kutwa. Muwa hutatanisha zaidi: huyaita mate na kumwaga sukari kwa wakati mmoja. Utafunwe kwa kikao kimoja, kisha kinywa kisukutuliwe kwa maji.

Usiku mate hupungua mno. Mtoto anayelala na chupa ya uji mtamu au juisi mdomoni huachwa bila mlinzi, na meno yake ya mbele ya juu ndiyo hutangulia kuoza. Baada ya kupigwa mswaki wenye dawa yenye floridi, apewe maji tu.

Wapo pia ambao mate yao ni haba hata mchana: baadhi ya wazee, wagonjwa wa kisukari, na watumiaji wa baadhi ya dawa za shinikizo la damu au za magonjwa ya akili. Dawa hizo zisikatishwe. Mgonjwa amweleze mhudumu wa afya kwamba kinywa chake hukauka, anywe maji mara kwa mara, na akipenda atafune bigijii isiyo na sukari. Peremende ya kulainisha koo humwongezea hasara.

Doa jeupe kama chokaa kwenye jino ni dalili ya mwanzo, na mate yakisaidiwa na floridi huweza kulirudishia madini. Tundu likishatokea haliwezi kuzibwa na mate. Hapo ni kazi ya daktari wa meno, naye huweza kuliziba na kuliokoa jino iwapo mgonjwa atafika kabla ya uozo kugusa kiini chake.