Kupendwa Kazini: Sifa Isiyoandikwa Popote



Julai 2018 Jokate Mwegelo aliteuliwa kuwa Mkuu wa Wilaya ya Kisarawe. Wengi walimfahamu kwa mambo mengine: mshiriki wa Miss Tanzania 2006, mwigizaji, mwenye jina la biashara la Kidoti. Walikuwapo walionong'ona kwamba kapewa wilaya kwa sababu anapendwa. Mnong'ono huo nauchukulia kwa uzito, maana ndani yake mna swali ambalo kila mtumishi aliyerukwa cheo hulala nalo: je, kupendwa ni sifa ya kazi?

Nasema ni sifa. Ubaya ni kwamba tunaiacha igawe vyeo bila kuandikwa popote.

Tazameni kilichotokea Kisarawe. Mkuu wa wilaya hana fungu la kujengea shule. Fungu liko halmashauri, chini ya mkurugenzi. Alichonacho ni sauti yake. Akipiga simu ikapokelewa, akiita harambee watu wakaja, amefanya kazi ambayo bajeti haikuiweza. Ndivyo ilivyokwenda kampeni ya Tokomeza Zero, iliyolenga kufuta daraja la sifuri katika mtihani wa kidato cha nne. Harambee zilichangiwa na watu na kampuni zilizovutwa na jina lake, na leo wilaya ina sekondari ya wasichana inayoitwa kwa jina hilo. Binti aliyekuwa akipanga chumba kijijini ili awe karibu na darasa anajua vizuri thamani ya bweni. Pale kupendwa kulikuwa zana ya kazi, na kulifanya kazi.

Hapa Kibaha tuna mfano mkubwa zaidi. Rais wa zamani Jakaya Kikwete, aliyependwa kwa tabasamu lake, alisoma sekondari ya Kibaha katika miaka ya 1960, shule iliyozaliwa na mradi wa nchi za Nordiki, uliokabidhiwa kwa serikali mwaka 1970. Mwaka 1995, Chama Cha Mapinduzi kilipotafuta mgombea urais kule Dodoma, aliongoza duru ya kwanza, akashindwa na Benjamin Mkapa katika ya pili. Akakaa miaka 10 Wizara ya Mambo ya Nje. Mwaka 2005, kwa tabasamu lile lile na uzoefu mpya, alipata zaidi ya asilimia 80 ya kura za urais. Mwaka 2010 zikashuka hadi asilimia 60 na kidogo. Tabasamu halikubadilika. Katikati palipita mgawo wa umeme, mjadala wa mkataba wa umeme wa Richmond na bei za sokoni, na mpiga kura akaupima utendaji.

Sasa tutoke kwenye siasa twende ofisini, ambako hakuna uchaguzi wa kurekebisha mambo kila miaka mitano. Mwaka 2005 Tiziana Casciaro na Miguel Sousa Lobo walichapisha utafiti kuhusu jinsi watu wanavyochagua wenzao wa kazi. Waliwakuta wakisema kwamba ujuzi ndio wa kwanza. Lakini katika kuchagua kwenyewe, mtu asiyependwa aliachwa hata awe hodari. Nani hamfahamu mtu huyo? Ni yule wa maabara anayesoma hadubini bila kukosea, lakini kwenye chai ya saa nne haongei. Wenzake husema anajisikia, hana ushirikiano. Kwa mwanamke mzigo ni mara mbili. Akiwa mkali anaitwa jeuri, na mwanamume mwenye ukali ule ule anasifiwa kuwa mchapakazi. Madeline Heilman na wenzake walilionyesha jambo hilo mwaka 2004: mwanamke akifaulu katika kazi inayodhaniwa ya kiume, watu humchukia kwa kufaulu kwake.

Ukipita barabara ya Morogoro utaona vibao vya waganga: mvuto wa kazi, kupandishwa cheo, kusafisha nyota. Vinaniuma sana. Mtumishi anayetoa sehemu ya mshahara wake asafishwe nyota anatuambia kwamba haoni njia nyingine ya kupanda.

Njia zimejengwa, nakiri. Sheria ya Utumishi wa Umma ilirekebishwa mwaka 2007 ikaleta Sekretarieti ya Ajira, na usaili wa kuandika unamlinda asiye na maneno mengi. Upimaji wa utendaji wa watumishi uitwao OPRAS ulianza 2004, na sasa tuna mfumo wa PEPMIS ulioshika nafasi yake. Ila mapenzi ya bosi hayapiti huko. Yanapita kwenye barua ya kukaimu, kwenye jina la nani aende semina, nani awe katibu wa kamati. Mtu akikaimu mwaka mzima, siku ya kuthibitisha ndiye mwenye uzoefu, na yule wa maabara hana cha kuonyesha.

Kwa muuguzi, mwalimu na bwana shamba, bashasha iandikwe waziwazi kuwa kigezo, na wagonjwa, wazazi na wakulima waulizwe. Kwa mhasibu na mtu wa maabara kigezo hicho kiondoke kabisa. Na naziomba halmashauri za Kibaha na Kisarawe zianze na barua za kukaimu: kila barua itaje sababu ya kumchagua aliyechaguliwa, na nakala wapewe waliokosa.