Doa Kavu Usoni

Leo nasema nawe unayelea mtoto mwenye ualbino.

Ngozi yake haina rangi ya kutosha kuikinga na jua. Akizoea kuvuna ndengu bila kofia, miaka ikipita usoni hutokea madoa makavu, yanayokwaruza kama msasa. Mengine huweza kugeuka saratani.

Yako matibabu ya mwanga. Daktari hupaka dawa juu ya doa, husubiri saa 3 hivi, kisha humulika taa nyekundu. Dawa ikipata mwanga huua chembechembe zilizoharibika. Lakini mwanga huo hautibu saratani iliyozama ndani. Hiyo hukatwa kwa upasuaji. Kwa hivyo, mama, usikubali taa ya saluni iguse doa kabla daktari hajalipima.

Kidonda kikikaa wiki 4 bila kupona, nenda hospitali. Usingoje kiume.

Leo hii mvalishe kofia pana na mikono mirefu. Msajili pia kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, ambalo hugawa losheni ya kukinga jua bila malipo.