Hotuba Juu ya Kiharusi: Mkono Uliosahau Kazi



Halmashauri imetuomba tuseme machache juu ya maradhi ya kiharusi, kwa kuwa tuendapo kuwatazama wagonjwa wa chama, mara nyingi twamkuta mwenzetu aliyepooza upande mmoja. Nasi twataka kwanza kukiri kosa letu. Mmoja wa wazee wetu alipooza mkono wa kulia. Kwa kuona haya kula kwa mkono wa kushoto mbele za watu, akawa analishwa na wajukuu. Nasi tulipomzuru tulimshikia hata kikombe cha chai. Tulidhani huo ndio wema. Kumbe tulikuwa tukiuzika mkono ungali hai.

Viharusi vilivyo vingi hutokea damu iliyoganda inapoziba mshipa upelekao damu kwenye ubongo. Sehemu iliyonyimwa damu hufa upesi, na kiungo kilichopokea amri zake hulegea. Basi mtu akipinda mdomo ghafula, au mkono ukimwanguka, au maneno yakimkwama, apelekwe hospitali papo hapo. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa katika saa 4 na nusu za kwanza, baada ya ubongo kupigwa picha. Asingojewe mpaka kuche.

Lakini neno letu hasa ni juu ya siku zifuatazo. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Dk. Edward Taub, aliwachunguza kima ambao alikuwa amewakata mishipa iletayo hisia za mkono mmoja. Kima hao waliacha kabisa kuutumia mkono ule. Ila mkono mzima ulipofungwa, ule uliodhaniwa umekufa ulianza kufanya kazi. Akatambua kwamba mnyama hujaribu mwanzoni, hushindwa, kisha hujifunza kutojaribu tena. Na nguvu zikirudi baadaye, hana habari nazo.

Hatufichi kwamba kazi hiyo ilizua ugomvi. Mwaka 1981 polisi waliwachukua kima hao huko Silver Spring, naye akashtakiwa kwa kuwatesa wanyama; hukumu ya mwisho iliyosalia juu yake ilifutwa mwaka 1983. Baadaye alihamia Chuo Kikuu cha Alabama, mjini Birmingham, akaendelea na kazi hiyo kwa wanadamu.

Njia yake si ngumu kueleza. Mkono mzima huvikwa glavu nene karibu muda wote mgonjwa awapo macho, na mkono dhaifu hufanyishwa kazi kwa saa nyingi kila siku, kwa muda wa majuma 2: kushika, kuinua, kufungua, kufuta meza. Mwaka 1993 Dk. Taub na wenzake walitangaza kwamba hata watu waliopatwa na kiharusi zaidi ya mwaka mmoja nyuma walipata nafuu. Kisha mwaka 2006 ilitolewa taarifa ya jaribio kubwa lililoongozwa na Dk. Steven Wolf, la wagonjwa 222. Waliofundishwa kwa njia hiyo waliwapita wenzao waliopata matunzo ya kawaida, na mwaka mzima baadaye faida ilikuwa ingalipo.

Tusidanganyane: njia hii yamfaa yule awezaye kunyanyua vidole na kifundo cha mkono japo kidogo. Tena haianzwi kwa nguvu katika siku za kwanza, wala bila shauri la daktari. Mkono usiojongea hata kidogo wahitaji mafunzo mengine.

Hata hivyo, funzo lake latuhusu sote. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgonjwa wetu naye, daktari akisharidhia, apewe jembe lake: akishike kikombe, afunge kifungo chake mwenyewe, hata ikichukua robo saa na chai ikamwagika. Wajukuu wakae karibu wamtie moyo, wasimnyang'anye kazi. Nasi wazee tusimcheke atumiaye mkono unaotetemeka.

Mwisho, kila mmoja wetu akapimwe shindikizo la damu, maana ndilo lisababishalo viharusi kuliko jambo lingine. Tukiwazuru wagonjwa mwaka huu, tuende na subira kuliko huruma.