Ndoa na Mashahidi Wake

Zamani Abagusii walikuwa na enyangi, sherehe ya kukamilisha ndoa. Mke alivishwa ebitinge, pete za chuma za miguuni, na kila aliyemwona alijua kuwa ni mke wa mtu. Lakini enyangi iligharimu mali nyingi. Wengi waliiahirisha kwa miaka, wakatosheka na ng'ombe wa mahari.

Je, sherehe ni hasara? Karamu kubwa, pengine, mashahidi, hasha. Mume afapo, mjane asiye na shahidi huweza kunyang'anywa hata shamba alilolilima mwenyewe. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 yataka Msajili aarifiwe ndoa ya kimila katika miezi 3 baada ya taratibu kukamilika. Tena yasema sehemu ndogo tu ya mahari yatosha kuwa ushahidi.