Puto la Gramu Chache, Mipaka Mingi: Kanuni za Redio za Ridhaa Angani

Utangulizi

Tarehe 10 Oktoba 2022, klabu ya kurusha maputo ya kaskazini mwa Illinois, Marekani, iitwayo Northern Illinois Bottlecap Balloon Brigade, iliachia puto la rangi ya fedha lenye upana wa sentimita 80 hivi. Chini yake kulining'inia transmita ndogo iliyotumia alama ya mwito ya klabu, K9YO, pamoja na kipokezi cha GPS na vipande vya sola. Hadi kufikia Februari 2023, puto hilo lilikuwa limeizunguka dunia mara sita na liko katika mzunguko wa saba. Taarifa yake ya mwisho ilinaswa tarehe 10 Februari kutoka pwani ya magharibi ya Alaska, likiwa kwenye kimo cha karibu kilomita 12.

Siku iliyofuata, ndege ya kivita ya Marekani aina ya F-22 ilitungua kitu kisichotambuliwa juu ya Yukon, Kanada. Kombora lililotumika lina bei ya zaidi ya dola 400,000. Hesabu za upepo zilionyesha kwamba saa zile puto la K9YO lingekuwa maeneo hayohayo.

Mabaki hayakupatikana, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuthibitisha kilichodunguliwa. Hofu ya siku zile ilikuwa na sababu: wiki moja kabla, tarehe 4 Februari, puto kubwa la China lilikuwa limetunguliwa nje ya pwani ya South Carolina. Tarehe 16 Februari Rais Joe Biden alisema kwamba vitu vitatu vilivyodunguliwa baada ya puto hilo, kikiwamo kile cha Yukon, yumkini vilikuwa maputo ya kampuni binafsi, ya burudani au ya utafiti.

Hoja ya mada hii ni kwamba puto la namna hii limeangukia katikati ya sheria mbili, ya anga na ya mawimbi. Kila moja inalitazama nusu, na nusu inayobaki inaachiwa hiari ya mrushaji.

Kifaa chenyewe

Mzigo wa puto dogo la redio kwa kawaida una uzito wa gramu 10 hadi 20. Hakuna betri kubwa. Umeme unatoka kwenye sola, hivyo jua likizama redio inanyamaza. Antena ni waya mwembamba, na kwa masafa ya megahezi 14 waya huo hufikia urefu wa mita 10 hivi. Ngozi ya puto hainyumbuki sana, kwa hiyo likishapanda hadi kilomita 12 au 13 halipasuki. Linatulia hapo na kufuata upepo.

Nguvu ya transmita ni miliwati 10 au 20 tu. Siri ya kusikika kwake ni mfumo wa WSPR, uliobuniwa na Joe Taylor, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya mwaka 1993, na kutolewa mwaka 2008. Ujumbe mmoja unachukua karibu dakika mbili na unabeba mambo matatu tu: alama ya mwito, mraba wa ramani na nguvu ya transmita. Nairobi iko katika mraba KI88, Dar es Salaam KI93, na Kampala, iliyoko kaskazini kidogo ya ikweta, KJ60. Wapokeaji waliotawanyika duniani hunasa ujumbe huo na kuuweka kwenye intaneti, ambako yeyote anaweza kuusoma.

Uwazi huo una kasoro. Mraba mmoja karibu na ikweta una upana wa kilomita 220 na urefu wa kilomita 110. Mwongoza ndege hawezi kuutumia. Ndiyo maana warushaji huongeza ujumbe wa pili unaobeba kimo, jotoridi na mahali kwa usahihi zaidi. Nafasi ya kuyaweka hayo haipo, hivyo hufichwa ndani ya alama ya mwito ya kubuni inayoanza na 0, 1 au Q, herufi na tarakimu ambazo hazikugawiwa nchi yoyote. Fundi ataona ubunifu mzuri. Afisa wa masafa ataona stesheni inayojitambulisha kwa jina lisilo la mtu.

Sheria ya anga inasemaje

Mkataba wa Chicago wa 1944 unaanza kwa kutambua kwamba kila nchi ina mamlaka kamili juu ya anga lake. Chini ya mkataba huo, Kiambatisho cha 2 cha Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, kinayagawa maputo yasiyo na rubani katika makundi matatu. Kwa ujumla, mzigo usiofika kilo 4 ni mwepesi, wa kilo 4 hadi chini ya 6 ni wa kati, na kuanzia kilo 6 ni mzito.

Wengi husoma hapo wakaishia hapo, wakidhani puto jepesi halina masharti. Kiambatisho kinaendelea kusema kwamba puto lisilo na rubani halitavuka anga la nchi nyingine bila idhini ya nchi hiyo. Msamaha umetolewa kwa puto jepesi linalotumika kwa shughuli za hali ya hewa pekee. Puto la redio la gramu 15 halimo katika msamaha huo, ingawa puto la hali ya hewa linaweza kulizidi uzito mara nyingi.

Idhini hiyo inapaswa kupatikana kabla ya kurusha, iwapo mrushaji ana sababu ya kutarajia kwamba puto litavuka mpaka. Mtu anayelenga kuizunguka dunia hawezi kudai hakutarajia. Wakati huohuo, nchini Marekani, Sehemu ya 101 ya kanuni za anga inaanza kubana pale mzigo unapozidi pauni 4 au 6, kutegemea umbo lake. Mrushaji wa Illinois anaweza kuwa ametii sheria za kwao huku nchi zilizo mbele ya puto lake hazina habari naye.

Sheria ya mawimbi inasemaje

Kanuni za Redio za Shirika la Mawasiliano Duniani, ITU, katika Ibara ya 18, zinakataza mtu binafsi kuendesha stesheni ya kurusha mawimbi bila leseni ya serikali husika. Ibara ya 25, inayohusu redio za ridhaa, yaani zisizo za biashara, inataka stesheni itangaze alama yake ya mwito kwa vipindi vifupi. Hakuna mahali penye jibu la moja kwa moja kwa mmiliki aliye kitandani Chicago huku stesheni yake ikirusha mawimbi juu ya Kisangani, Kongo.

Nchi nazo zinatofautiana. Uingereza ilikataza kwa miaka mingi redio za ridhaa kutumika angani, hadi masharti mapya ya leseni yalipoanza kuruhusu mwaka 2024 kwa nguvu ndogo. Masafa ya APRS, mfumo mwingine wa kutangaza mahali, ni megahezi 144.800 Ulaya na sehemu kubwa ya Afrika, 144.390 Marekani na 144.640 China. Warushaji makini huweka ndani ya kifaa uzio wa kidijitali: GPS ikionyesha mpaka umevukwa, transmita inabadili masafa, au inanyamaza kabisa juu ya nchi zisizoruhusu, kama Yemen na Korea Kaskazini.

Busara hiyo inaleta tatizo la pili. Transmita ikinyamaza ili kutii sheria ya mawimbi, puto linabaki angani bila kujitambulisha, na hapo ndipo rada inapoona kitu kisicho na jina.

Uzito haumalizi hoja

Oktoba 2025, kioo cha mbele cha ndege ya United aina ya Boeing 737 MAX kilipasuka kwenye futi 36,000 juu ya Utah, na rubani akapata majeraha madogo. Kampuni ya WindBorne, inayokusanya taarifa za hali ya hewa, ilieleza kwamba huenda kilichokigonga kilikuwa puto lake, lenye uzito wa kilo 1.1 hivi. Kwa vipimo vya ICAO hilo ni puto jepesi.

Gramu 15 si kilo moja, na haifai kuziwekea sheria ile ile. Hata hivyo, tukio hilo linaonyesha kwamba kundi la "mepesi" limebeba vitu visivyofanana. Bunge la Marekani liliigusa hoja hii katika sheria ya usafiri wa anga ya Mei 2024, iliyoagiza kamati ichunguze kiwango cha kuyafuatilia maputo ya kimo cha juu muda wote.

Afrika Mashariki

Ukanda huu una uzoefu wake. Loon, kampuni dada ya Google, ilianza kutoa intaneti nchini Kenya Julai 2020 kwa kushirikiana na Telkom Kenya, ikitumia maputo takriban 35. Kwa kuwa upepo haujui mpaka wa Busia wala wa Malaba, Loon ilitia saini makubaliano na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uganda mapema, Desemba 2019. Huduma ilifungwa mwaka 2021, lakini mfano wa idhini moja kwa safari nyingi umebaki. Limebaki pia somo la Januari 2018, pale puto la Loon lilipoanguka shambani Igembe, Kaunti ya Meru, na wakazi wakakizunguka kitu wasichokijua.

Puto likirushwa Nairobi alfajiri na kushikwa na upepo wa mashariki wa kilomita 60 kwa saa, litafika mpaka wa Uganda, umbali wa kilomita 360 hivi, baada ya saa sita. Mwanafunzi mwenye leseni ya Kenya atakuwa anarusha mawimbi Uganda kabla ya jua kuzama, na Kongo kesho yake.

Mapendekezo

Kwanza, idhini ya mfululizo wa safari, ambayo Kiambatisho cha 2 tayari kinairuhusu, itolewe kwa pamoja na nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki kupitia CASSOA, chombo cha usalama wa anga chenye makao Entebbe. Iwahusu wenye mizigo isiyozidi uzito utakaokubaliwa. Mjadala uanze na gramu 50.

Pili, EACO, shirika la wasimamizi wa mawasiliano lililoko Kigali, liandae kutambuana kwa leseni za ridhaa kwa stesheni za angani zenye nguvu isiyozidi miliwati 100, pamoja na orodha moja ya masafa.

Tatu, alama ya mwito ya kubuni isajiliwe pamoja na ile halisi, ili afisa wa zamu aweze kujua ni ya nani.

Nne, kila mzigo ubandikwe karatasi ya Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa yenye namba ya simu na maneno "Kifaa hiki hakina madhara".

Tano, mrushaji atoe taarifa ya kurusha, na atoe nyingine pale puto linaponyamaza kwa saa 24, akieleza mahali lilipoonekana mwisho na upepo unakolipeleka. Taarifa hiyo ya pili ifike kwa waongoza ndege wa nchi iliyo mbele ya puto, si ya nchi lilikotoka pekee.